Shajara ya mradi: kisanduku cha kupimia atomaiza, Mlandege

Jumamosi

Mita tunayotumia kila siku kwa simu na redio haifai kupimia atomaiza za sigara za umeme, yaani kile kichwa kinachogeuza maji kuwa moshi, na hiyo ndiyo sababu ya kuianza kazi hii. Vijana wanaofanya kazi mahotelini Nungwi na Paje wananiletea vifaa vya wageni wao: hiki hakitoi moshi, hiki kinaandika kwenye kioo kwamba kina shoti, hiki kinapata moto hata kikiwa mfukoni. Mimi sivuti wala simshauri mtu avute. Lakini kitu chenye betri ya lithiamu kikishafika benchini kwangu, siwezi kukirudisha kwa mwenyewe bila ya kuwa na hakika nacho. Huyo mgeni analala Mji Mkongwe kwenye nyumba ya boriti na mbao, zimebanana ukuta kwa ukuta. Kesho yake anapanda ndege, na kanuni za anga zinamtaka akae na kifaa hicho ndani pamoja na abiria, asikitie kwenye mzigo wa chini.

Tatizo lenyewe ni hili. Ndani ya atomaiza mna koili ya waya iliyozungushwa juu ya pamba, na ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, ni mdogo mno. Zile za kuvuta taratibu zina omu 1 hadi 1.8; hizi za moshi mwingi zinashuka mpaka 0.15. Nikizigusanisha ncha mbili za mita yangu bila ya kupima kitu, inasoma 0.4. Hiyo ni ya nyaya zake wenyewe, na hatua ndogo kabisa inayoweza kuonesha ni 0.1. Basi koili nzima ya 0.15 itasomeka 0.5 au 0.6, na shoti tupu itasomeka 0.4 au 0.5. Hapo fundi anahukumu kwa kubahatisha. Kipimo cha mlio ndicho kibaya zaidi, maana mita nyingi hulia kwa chochote kilicho chini ya omu 30 au 50. Italia kwa atomaiza nzima na italia kwa mbovu, mlio uleule, na nimewaona watu wakimwambia mteja "nzima hii" kwa mlio huo.

Betri ya lithiamu ya aina ya 18650 iliyojaa ina volti 4.2. Kwenye koili ya omu 0.15 inatoa ampea 28, na hizo peke yake zinazidi kiwango ambacho betri nyingi za aina hiyo zinaruhusiwa kutoa mfululizo. Penye shoti hakuna tena cha kuuzuia mkondo isipokuwa betri yenyewe, na joto linazaliwa ndani yake. Ripoti ya idara ya zimamoto ya Marekani ya 2017 ilihesabu matukio 195 ya sigara hizi kuwaka au kuripuka nchini humo kati ya 2009 na 2016.

Vifaa vyenye kioo na saketi hujipima kabla ya kuwasha, na vingi hukataa vikiona ukinzani umeshuka mno. Wasiwasi wangu mkubwa ni yale matyubu ya chuma yasiyo na saketi yoyote: betri, kitufe na atomaiza, basi. Hapo hakuna wa kukataa ila mimi.

Jumapili

Jana usiku nilikwenda kwa Maalim, jirani yetu aliyesomesha fizikia skuli miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimpigia hodi, nikampa shikamoo yake, na kabla sijamaliza kueleza akaniuliza, "Nyaya za mita umezitoa kwenye hesabu?" Nikamwambia kutoa 0.4 nimejaribu, lakini hiyo 0.4 haitulii, ukibana ncha kidogo inakuwa 0.3, ukilegeza inakuwa 0.6.

"Mwanangu, hiyo ni kupima karafuu ndani ya gunia, na gunia lenyewe kila saa linabadilika uzito," akasema. "Litoe gunia kabisa. Tumia nyaya nne."

Alinichorea kwenye karatasi ya madaftari. Nyaya mbili zinapeleka mkondo maalumu unaojulikana. Nyaya mbili nyengine zinakwenda kwenye mita iliyowekwa upande wa volti, nazo zinagusa papo hapo kwenye kitu kinachopimwa. Mita upande wa volti ina ukinzani wa omu milioni moja au zaidi, kwa hiyo karibu hakuna mkondo unaopita kwenye nyaya zake, na zikiwa ndefu au mbovu kidogo haziharibu namba. Njia hii ina jina la Kelvin, yule mwanasayansi wa karne ya 19 aliyezaliwa William Thomson.

Sikuhitaji kununua mita mpya. Hii ya kwangu ina kipimo cha milivolti 200 chenye hatua ya 0.1. Nikipeleka ampea 0.1 kwenye koili, omu 0.5 itaonekana kama milivolti 50.0, na kila hatua ndogo ya mita itakuwa omu 0.001. Mwisho wa kupima utakuwa omu 2, na hapo koili karibu zote zimeingia. Ni mita ileile iliyokuwa haioni kitu chini ya 0.1.

Jumatatu

Vifaa vyote nimevipata Darajani na kwenye mabodi ya zamani. Rejuleta, ya kuushikilia mkondo usibadilike, ni LM317, ambayo kila fundi anayo kwenye kopo lake. Inashikilia volti 1.25 baina ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia. Ukiweka rezista ya omu 12.5 hapo katikati unapata ampea 0.1 isiyobadilika, ukipima koili ya 0.2 au ya 1.8. Rezista ya 12.5 haiuzwi, lakini 15 na 75 zikilazwa sambamba zinatoa 12.5 kamili.

Nimeweka na diodi ya 1N4007 kwenye ncha za kutolea. Koili ikiwa imekatika, volti zingepanda mpaka karibu na za chanzo na kuingia kwenye mita iliyowekwa kwa milivolti. Diodi inazizuia zisipite kiasi cha 0.8. Chini ya milivolti 200 diodi hiyo haipitishi kitu cha kuhesabika, kwa hiyo haiharibu kipimo.

Chanzo ni betri ya sola ya volti 12, ili kazi isisimame umeme ukikatika. Rejuleta inabeba karibu wati moja, nimeifunga kwenye kipande cha bati kuipoza. Kisanduku kikishawashwa kinaachwa dakika chache kitulie kabla ya kuaminiwa.

Kiunganishi nimekitoa kwenye kifaa kilichokufa. Ni cha aina ya 510, na jina lake limetokana na hesi kumi kwenye urefu wa milimita tano. Pini ya kati ni chanya, mwili wa hesi ni hasi, na baina yao pana kihami chembamba kinachozuia umeme usipite. Nyaya za mkondo na nyaya za kupimia zinakutana hapo hapo kwenye chuma cha kiunganishi. Kijana wangu alitaka kuzilehemu za kupimia nusu njia kwenye waya wa mkondo kwa sababu ni rahisi kufikika, nikamzuia: kipande cha waya kinachobaki kinaingia kwenye namba, na faida yote ya nyaya nne inapotea.

Kwa kupimia kisanduku chenyewe, Maalim amenipa rezista yake ya omu 1 yenye kosa la asilimia moja. Imesoma milivolti 101.6 badala ya 100. Nimeandika juu ya kifuniko kwa wino mweusi: GAWA KWA 1.016. Nimetengeneza na kizibo cha shoti, hesi ya shaba ambayo pini na mwili wake vimelehemewa pamoja. Kinasoma 0.2, yaani omu 0.002. Hapo ndipo nilipofurahi. Shoti na koili ya 0.15 sasa ni 0.2 na 15, hazichanganyiki tena.

Jumatano

Namba zinacheza. Atomaiza moja inasoma 48, ikifunguliwa na kufungwa tena inasoma 53, kisha 61. Kiini chake ni chumvi. Vifaa hivi vinakaa ufukweni, upepo wa bahari unavipuliza mchana kutwa, na shaba ya pini inaota ukoko wa kijani usioonekana mpaka uangalie kwa lenzi. Juu ya hapo pana maji ya sigara yenyewe yaliyovuja na kuganda kwenye hesi.

Tumesafisha kwa spiriti na mswaki laini, tumekausha, na ileile imetulia kwenye 47 kila inapofungwa. Glavu ni lazima kwenye kazi hii. Maji hayo yana nikotini, na nikotini hupita kwenye ngozi. Nimemwambia kijana asile chochote benchini mpaka anawe kwa sabuni.

Nimefikiri kama niuondoe ukinzani wa mgusano kwenye kipimo, nikaamua ubaki. Kifaa cha mgeni nacho kitakutana na mgusano huohuo, na joto litakalozaliwa pale ni joto kweli. Nikitaka kujua kosa liko kwenye koili au kwenye pini, nahamisha nyaya mbili za kupimia, naziweka kwa ncha za sindano juu ya nguzo zinazoshika koili. Namba ikishuka sana, ubovu uko chini kwenye kiunganishi. Ikibaki vilevile, uko kwenye koili.

Ijumaa, baada ya sala

Tumezipima zote zilizokuwa zikingoja. Nyingi ziko sawa na namba iliyochapwa ubavuni mwake. Zilizokatika ni rahisi, mita inaonesha imezidiwa na mjadala umekwisha. Iliyonipa moyo ni moja iliyoandikwa 0.15 ikasoma 0.6 tu kwenye milivolti: shoti safi. Mita kwa njia ya zamani iliipa 0.5, na kwa mlio ilikuwa "nzima".

Kutikisa kunafichua mengi. Atomaiza ikiwa kwenye kisanduku, naigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi huku naangalia namba. Ikiruka, skrubu za nguzo zimelegea au mguu wa koili umeukaribia ukuta.

Jumapili

Ampea 0.1 haipashi kitu moto. Kwenye koili ya omu 0.5 ni wati 0.005. Kwa hiyo ubovu unaojitokeza kwa joto hautaonekana kwenye kisanduku hata ungekaa nacho wiki nzima. Leo tumeongeza swichi ya pande mbili: upande mmoja ni rejuleta na diodi yake, upande wa pili ni pawasaplai ya benchi yenye kikomo cha mkondo. Diodi lazima itoke kwenye njia swichi ikigeuzwa, maana kwa volti moja na nusu ingepitisha mkondo mkubwa na kuungua.

Nimechagua pawasaplai makusudi. Betri ya lithiamu haina subira. Ikikutana na shoti inatoa yote iliyo nayo. Pawasaplai iliyowekwa ampea 3 itatoa 3 hata ukiibana shoti kwa koleo. Kwenye omu 0.5 hiyo ni volti 1.5 na wati 4.5, joto la kutosha kuanza mvuke. Volti zinasomwa na nyaya za kupimia, zinagawanywa kwa ampea, na ukinzani wa moto unapatikana.

Pamba lazima iwe mbichi. Tunatia glisirini ya duka la dawa, ile isiyo na nikotini. Inachemka kwenye nyuzi 290, na maadamu ipo ya kutosha koili haipandi kupita kiasi. Pamba kavu inaungua, na moshi wake una sumu. Dirisha wazi, mapigo mafupi.

Ya kwanza ilikuwa 0.40 baridi, ikapanda 0.46 ilipopata moto. Kijana akasema, "Fundi, hii imeharibika, imebadilika." Nikampa sumaku akaiweka karibu na koili. Haikuvutwa. Basi si kanthali, yumkini ni chuma cha pua, na ukinzani wa chuma cha pua hupanda karibu asilimia 9 kwa kila nyuzi 100. Kupanda huko ni tabia yake. Nikeli safi hupanda kwa zaidi ya asilimia 60 kwa kiasi hichohicho cha joto, na vifaa vyenye kudhibiti joto vinatumia tabia hiyo kukisia nyuzi za koili. Kanthali, mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini, karibu haibadiliki kabisa. Sumaku huivuta kanthali na huivuta nikeli. Chuma cha pua cha aina ya 316, titaniamu na nikromu huviacha. Kijana ameiandika hiyo kwenye ukuta wa benchi kwa chaki, na mimi nimeiacha palepale.

Ya pili ndiyo ilikuwa mbovu kweli. Sumaku ilivuta, nayo baridi ilikuwa 0.52, na iling'ang'ania 0.52 ilipogongwa. Ilipopata moto ikapanda 0.58, ikaruka 0.71, ikakatika. Ilipopoa ikarudi 0.52 kama kwamba hakuna lililotokea. Ingekuwa nikeli ingepanda taratibu kwa mpango, hii iliruka. Tumefungua: mguu wa koili ulikatwa nusu na ukingo wa skrubu ulipokazwa, waya ukitanuka unaachana. Mwenye kifaa hiki alikwishapita kwa mafundi wengine, kila mmoja akamwambia ni betri.

Koili zilizojengwa kwa mkono tunaziangalia na kwa macho, pamba ikiwa imetolewa, kwa pigo fupi la umeme na taa imezimwa. Wekundu uanzie katikati na kuenea kwa usawa kwenda pande mbili. Mzunguko mmoja ukiwaka kabla ya wenziwe, au mguu ukiwaka kabla ya koili, irudiwe.

Jumanne

Leo limepatikana jambo lililoubadilisha utaratibu wetu wote wa kupima.

Kijana wa hoteli amekuja na daladala ya 116 kutoka Nungwi, amebeba tyubu ya chuma isiyo na saketi pamoja na atomaiza yake. Mgeni analalamika kifaa kinapata moto chini, upande wa betri. Nimeifunga atomaiza kwenye kisanduku kwa vidole: 50, imetulia. Nimegonga, imetulia. Nimeitia moto, iko sawa. Kwa utaratibu wetu wa jana ningemrudishia.

Lakini kwenye tyubu ile atomaiza inakazwa mpaka mwisho, na kwenye kisanduku sisi tulikuwa tunaishia pale mgusano unapopatikana. Nikaendelea kukaza huku nikiangalia mita. Hamsini, hamsini, hamsini, kisha kwenye robo ya mwisho ya mzunguko ikaanguka mpaka 0.9. Nikalegeza, hamsini. Nikakaza, 0.9.

Tumefungua chini yake. Kihami kililainika kwa joto la siku nyingi na kimebonyea upande mmoja. Pini ikisukumwa na kiunganishi inapanda, inainama, na mzizi wa nguzo ya chanya unagusa mwili. Kwa vidole haugusi, ukikazwa unagusa. Nilitoa koili nikapima baina ya pini na mwili kwa kipimo cha juu kabisa cha omu, atomaiza ikiwa imelegezwa. Mita ilitakiwa ioneshe wazi kabisa, lakini ilionesha namba: masizi ya maji yaliyoungua yamejenga njia juu ya kihami.

Kijana wa hoteli aliingia wasiwasi. "Fundi, mgeni anaondoka kesho, sasa nikamwambie nini?"

"Mwambie hii hairudi tena kwenye betri, hata kwa pigo moja. Na hiyo betri iliyokuwa ikipata moto asiitumie. Ganda lake la plastiki limechanika hapa, tazama." Nimempa mkononi zile namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi, iliyolegezwa na iliyokazwa, ili mgeni ajisomee mwenyewe. Atomaiza nimeikata miguu mbele yake.

Tangu sasa kila atomaiza inapimwa kuanzia mgusano wa kwanza mpaka imekaza, mtu mmoja akizungusha na mwengine akisoma mita kwa sauti. Kisha koili inatolewa, pale inapotoleka, na kihami kinapimwa peke yake kikiwa kimelegea na kikiwa kimekazwa.

Alkhamisi

Wameanza kuniletea na zile za kutupwa, za plastiki, zilizofungwa moja kwa moja. Hazina hesi, hazikutengenezwa zifunguliwe, na kisanduku hiki si chao. Ndani yake mna betri ya lithiamu nzima kabisa iliyotumika mara moja tu. Uingereza imepiga marufuku kuziuza tangu Juni 1, 2025. Ninazozipokea naziweka kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya duka mpaka nipate pa kuzipeleka. Kwenye jaa haziendi.

Kilichobaki ni kisanduku cha pili, cha fundi mwenzangu wa Chake Chake. Saketi imeshalehemewa, nimeipaka vanishi upande wa chini kwa ajili ya unyevu wa masika, na kiunganishi nimekifunga kwa nati mbili ili kibadilishike haraka kikishika kutu. Rezista ya kupimia nimempelekea kwa boti ya jana. Nimemwandikia aanze kila asubuhi na kizibo cha shoti: kikisoma zaidi ya 0.5, asipime kitu cha mtu mpaka asafishe kiunganishi na namba ishuke.